Mchagua Jembe Si Mkulima

Miongoni mwa kazi ambazo binadamu huzifanya bila ya kutumwa wala kulipwa, kutoa maoni ni moja. Mtu asiyepata kushika usukani atakueleza makosa ya nahodha. Asiyejua kutunga uzi sindanoni atamfundisha fundi cherehani. Na aliyeonja embe moja atalihukumu shamba zima. Maoni ni mali inayopatikana bure, na mali ya bure hutumiwa bila ya hesabu. Sisemi kuwa ni vibaya mtu kuwa na maoni. Nasema kuwa maoni yana bei yake, na bei hiyo ni kazi. Ayatoaye bila ya kuilipa bei hiyo anauza bidhaa isiyo yake.

Katika insha hii nakusudia kuyapinga maoni ya namna moja yaliyoenea katika shule zetu. Ni maoni ya wale wasemao kuwa chombo kilichopitwa na wakati, au kidogo, au chenye upungufu, hakiwezi kutoa kazi njema, na kwa hiyo hapana haja ya kukijaribu. Maoni hayo yana sura ya akili, lakini ndani yake mna uvivu. Humwonyesha msemaji kuwa mjuzi wa mambo ya kisasa, na papo hapo humpa ruhusa ya kukaa bure.

Jambo lililonisukuma kushika kalamu ni dogo. Katika shule ninayofundisha mna chumba cha kompyuta ambazo tulizipokea zikiwa zimekwisha tumika kwingine. Muhula mmoja niliwaambia wanafunzi wa kidato cha pili wachore, kwa programu ya kuchorea iliyokuwamo, mti mkubwa ambao chini ya kivuli chake sisi hukutana kila Jumatatu. Wote walianza kazi isipokuwa mvulana mmoja, aliyekunja mikono yake kifuani.

"Mwalimu," alisema, "hii ni programu ya watoto. Wachoraji wa kweli hawaitumii. Haiwezi kitu."

"Umeitumia kwa muda gani?" nikamwuliza.

"Sijaitumia, Mwalimu. Nimesikia watu wakiisema."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijiona mwenyewe. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulitakiwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vilivyopatikana kwa urahisi: magunia, maboksi, makaa na vifuniko vya chupa. Niliona kuwa ni aibu kwa kijana msomi kuchora juu ya gunia. Nikasema kuwa nangoja karatasi za manila na kalamu za rangi. Siku ya mazoezi ya kufundisha ilipofika nilisimama mbele ya darasa mikono mitupu, na mwenzangu katika darasa la pili alikuwa ametundika gunia lililochorwa moyo wa binadamu na mishipa yake, watoto wakiuonyesha kwa vidole na kuuliza maswali. Maoni yangu juu ya magunia yalikuwa na ushahidi mwingi. Lakini yeye alifundisha, na mimi sikufundisha. Kwa hiyo, msomaji, mtu anayekuonya hapa hazungumzi kutoka juu ya mlima. Anazungumza kutoka ndani ya shimo alilokwisha tumbukia.

Ushahidi wangu nitautafuta mbali kidogo, katika programu za kuchorea picha zilizotumiwa kwenye kompyuta za kwanza za nyumbani, katika miaka ya 1980, huko Uingereza na Marekani. Nimechagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, mashine zile zilikuwa na upungufu mkubwa kuliko chombo chochote ambacho mwanafunzi wa leo atapewa na kukidharau. Pili, watu walizitolea maoni mengi, mengine ya busara na mengine ya upuuzi, na sasa twaweza kuyapima yote. Maana kelele zimekwisha, na kazi imebaki.

Yafaa kwanza tufahamu mashine zenyewe. Picha katika kioo cha kompyuta ni kama mkeka. Ukiukaribia mkeka waona chane za ukindu, hii nyeusi, hii nyekundu, zikipishana. Ukirudi nyuma waona nakshi. Kadhalika picha ya kompyuta ni nukta ndogo zilizopangwa safu juu ya safu. Nukta zikiwa nyingi na rangi zikiwa nyingi, picha hulainika; zikiwa chache, picha hubaki na meno. Na nukta haziwi nyingi kwa kutamani. Kila nukta hutaka nafasi katika kumbukumbu ya mashine, na katika miaka ile kumbukumbu ilikuwa ghali.

Kompyuta iliyoitwa ZX Spectrum ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1982, kwa paundi 125 yenye kumbukumbu ndogo na paundi 175 yenye kilobaiti 48. Kioo chake kilikuwa na nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu, yaani nukta 49,152. Rangi zilikuwa nane tu, zenye kung'aa au kufifia. Walakini upungufu wake mkubwa haukuwa uchache wa rangi. Ili kuokoa kumbukumbu, watengenezaji walikigawa kioo katika miraba 768, kila mraba una nukta nane kwa nane, na kila mraba uliruhusiwa rangi mbili tu kwa wakati mmoja. Hebu fikiri mchoraji ametia ndege mwekundu karibu na jani la kijani, na nyuma yao ni mbingu ya samawati. Mahali walipokutana watatu hao katika mraba mmoja, mmoja alifukuzwa: ama jani liligeuka jekundu, ama ndege akavaa rangi ya jani. Picha iliyokwisha kuchorwa iliweza kuharibika kwa nukta moja iliyowekwa vibaya. Kisha picha yenyewe ilihifadhiwa katika kaseti, na kuirudisha ndani ya mashine kulichukua dakika kadhaa za kusikiliza mlio usiopendeza.

Mwaka huo huo wa 1982 Wamarekani walitoa Commodore 64 kwa dola 595. Hii ilikuwa na rangi 16 na nukta 320 kwa 200, lakini nayo ilikuwa na sharti: kila mraba rangi mbili, isipokuwa mchoraji akikubali nukta zinenepe mara mbili kwa upana, hapo aliweza kupata rangi hadi nne katika mraba. Aliyetaka rangi alipoteza wembamba wa mistari. Aliyetaka wembamba wa mistari alipoteza rangi.

Tarehe 24 Januari 1984 ikatoka Macintosh, kwa bei ya dola 2,495. Fedha zote hizo zilimpatia mnunuzi kioo kisicho na rangi hata moja ila nyeusi na nyeupe, chenye nukta 512 kwa 342, na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Picha moja ya simu ya mkononi ya leo hudai nafasi inayozidi kumbukumbu nzima ya mashine ile mara nyingi. Pamoja na Macintosh ilikuja programu ya kuchorea iliyoitwa MacPaint, iliyoandikwa na Bill Atkinson. Mwaka uliofuata, 1985, ikatoka Amiga, iliyoweza kuonyesha rangi 32 kwa pamoja katika picha ya kawaida, zilizochaguliwa miongoni mwa 4,096. Na mwaka huo huo Dan Silva wa kampuni ya Electronic Arts akaiandikia programu ya Deluxe Paint, iliyopendwa na wachoraji wa michezo kwa miaka mingi.

Sasa tuyatazame maoni ya watu. Kundi la kwanza ni maoni ya mwenye mali. Katika viwanja vya shule vya Uingereza watoto waligawanyika majeshi mawili. Wenye Spectrum waliwacheka wenye Commodore kwa nukta zao nene. Wenye Commodore waliwacheka wenye Spectrum kwa rangi zao zinazogombana. Baadaye ugomvi huo huo ulirudi kati ya wenye Amiga na wenye Atari ST. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na chembe ya kweli. Lakini jiulize, msomaji: kwa nini haikupata kutokea kuwa mtoto mwenye Spectrum akaridhishwa na hoja, akaenda kwa wenzake akasema, "Nimeshindwa, mashine yangu ni mbaya"? Jibu ni jepesi. Baba yake alikwisha kutoa fedha, wala hakuwa na fedha nyingine. Mtoto hakuwa akiitetea mashine. Alikuwa akiutetea mfuko wa baba yake na heshima yake mwenyewe.

Ukitaka kuuona ugomvi huo ulivyokuwa, tazama magazeti yake. Katika mji mdogo wa Ludlow kulikuwa na kampuni ya uchapaji iliyoitwa Newsfield. Mwaka 1984 ilianzisha gazeti la Crash kwa ajili ya wenye Spectrum, na mwaka 1985 ikaanzisha Zzap!64 kwa ajili ya wenye Commodore. Nyumba moja ililisha majeshi mawili. Siilaumu, kila gazeti liliwafaa wasomaji wake, likapima michezo na programu na kuandika hukumu kwa asilimia. Nasema tu kwamba kama ugomvi ungalikuwa juu ya ukweli wa mashine, jeshi moja lingalishindwa na gazeti moja lingalifungwa. Hayakufungwa kwa sababu hiyo, kwa kuwa ugomvi haukuwa wa mashine. Ulikuwa wa wenye mashine.

Kundi la pili ni maoni ya mwenye dharau. Macintosh ilipotokea palikuwa na watu wazima, tena wajuzi wa kompyuta, walioiita kitu cha kuchezea. Waliona kuwa mashine ya kweli hupokea maneno na tarakimu, na kwamba mashine inayomwezesha mtu kuchora kiatu au uso kwa kusukuma kipanya mezani haistahili kuwekwa ofisini. Hao hawakuwa wajinga. Kosa lao lilikuwa kukihukumu chombo kwa sura yake kabla ya kuona kazi yake. Leo karibu kila kompyuta ulimwenguni huongozwa kwa picha na alama, na jina la kitu cha kuchezea limewarudia wenyewe waliolitoa.

Kundi la tatu ni maoni ya mfanyakazi, na hayo ndiyo ninayoyaheshimu. Mfanyakazi hakuyatoa maoni yake kwa kelele. Mara nyingi aliyatoa kwa picha.

Mchukue Susan Kare. Alikuwa msanii, si mhandisi. Aliajiriwa na kampuni ya Apple kutengeneza alama ndogo za Macintosh, na alipoanza, programu ya kuchorea alama hizo haikuwa tayari. Hapa palikuwa na udhuru mzuri wa kukunja mikono. Yeye alikwenda dukani akanunua daftari lenye miraba, akaanza kupaka mraba mmoja mmoja kwa kalamu. Kila alama ilikuwa na miraba 32 kwa 32, yaani 1,024, na kila mraba ulikuwa ama mweusi ama mweupe. Kwa njia hiyo tulipata uso wa kompyuta unaotabasamu na bomu dogo lililotangaza hitilafu. Kopo la rangi linalomiminwa, alilolichora kwa ajili ya MacPaint, lina ndugu zake mpaka leo katika programu nyingi za kuchorea. Daftari lenye miraba, msomaji, ni hilo hilo ulilo nalo mkobani mwako kwa ajili ya hesabu.

Wachukue pia wachoraji wa Spectrum. Mwenye subira miongoni mwao alianza kwa kuhesabu miraba kabla ya kuchora. Alilipanga paa la nyumba liishie pale pale mraba ulipoishia. Alimweka ndege juu ya mbingu tupu, mbali na jani. Penye rangi mbili zisizopatana alipitisha mstari mweusi ukawa mwamuzi. Programu ya The Art Studio, iliyoandikwa na James Hutchby na kutolewa mwaka 1985, iliweza kukuza sehemu ya picha hata kila nukta ikaonekana peke yake, na mchoraji akaitengeneza kama mfumaji anavyotengeneza uzi uliopotoka. Sheria ya rangi mbili haikuondoka. Walijifunza kukaa nayo, kama baharia anavyokaa na kusi na kaskazi: hawezi kuamuru upepo uvume, lakini aweza kutanga tanga lake.

Mfano wa tatu una mafunzo zaidi. Mchoraji Mark Ferrari alifanya kazi katika kampuni ya Lucasfilm Games, akichora kwa Deluxe Paint mandhari ya michezo kwa ajili ya kompyuta zenye rangi 16 tu, zisizobadilika. Ili kupata rangi zisizokuwamo alichanganya nukta za rangi mbili kando kando, mpaka jicho likadanganyika na kuona rangi ya tatu. Wasanii walikuwa wamekatazwa kufanya hivyo, kwa sababu picha za namna hiyo zilikuwa ngumu kubanwa zikatosha katika diski. Angaliweza kukaa akinung'unika. Badala yake alichora, na picha zilipoonekana zilivyopendeza, waandishi wa programu walitafuta njia mpya ya kuzibana. Mchezo wa Loom, uliotoka mwaka 1990, ulijengwa kwa picha za namna hiyo. Tazama: maoni yaliyobadilisha programu hayakuwa ya mtu aliyesema, "Haiwezekani." Yalikuwa ya mtu aliyesema, "Hii hapa."

Wala usidhani kwamba jina kubwa humtoa mtu katika kazi hii ya kujifunza. Tarehe 23 Julai 1985, Amiga ilipozinduliwa mjini New York, msanii maarufu Andy Warhol alipanda jukwaani akaitia rangi picha ya mwimbaji Debbie Harry mbele ya hadhara. Picha nyingine alizozifanya kwa mashine hiyo zilikaa katika diski kwa miaka mingi baada ya kufa kwake, hata mwaka 2014 zikatangazwa kuwa zimepatikana. Miongoni mwao mna kopo la supu, kitu alichokuwa amekichora kwa ustadi mwingi zamani. Safari hii mistari yake yatetemeka kama ya mtoto. Mkono uliobobea katika brashi na chapa ulikuwa mwanagenzi mbele ya kipanya. Lakini hakukunja mikono, wala hakusema kuwa mashine haiwezi kitu.

Najua, msomaji, kuwa una hoja ya kunijibu, nami sitaki kuikwepa. Utasema, "Mwalimu, je, watuambia turidhike na vitu vibovu? Wenye shule zenye vyombo vipya watacheka, na wakubwa wanaopaswa kutununulia vifaa watafurahi kukusoma."

Hoja hiyo ni ya haki, na jibu langu ni hili. Siandiki ili insha hii iwe ngao ya wenye kuinyima shule vifaa. Shule isiyo na umeme haiwezi kuwasha kompyuta kwa nguvu ya nia njema, na mtoto asiye na daftari hawezi kupaka miraba. Umaskini si mwalimu. Ni mwizi wa wakati. Rangi za Spectrum zilipogombana, hilo lilikuwa kosa la kweli. MacPaint haikuwa na rangi. Ilifungua picha moja tu kwa wakati mmoja. Na dirisha lake la kuchorea lilionyesha sehemu tu ya ukurasa. Hayo yote yalikuwa makosa, na ilikuwa haki yasemwe, na yaliposemwa watu walitengeneza programu zilizo bora.

Lakini nani aliyeyajua makosa hayo barabara? Ni yule aliyechora. Aliyekuwa akiichukia Spectrum kutoka ng'ambo ya barabara aliweza kusema tu kuwa ni mbaya. Aliyeichorea aliweza kukuambia ni mraba gani, ni rangi ipi, na afadhali ingalifanywaje. Wazee wetu waliposema kuwa mchagua jembe si mkulima hawakumkataza mkulima kulisema jembe lake. Mkulima aliyelima hata mkono ukamea sugu ana haki ya kwenda kwa mhunzi akamwambia kuwa mpini ni mfupi na bapa ni jembamba, na mhunzi mwenye busara atamsikiliza. Waliyemkataza ni yule anayekaa kivulini akiyapanga majembe kwa uzuri, huku mvua za kwanza zinapita na shamba halijaguswa.

Wengine watasema kuwa watu niliowataja walizaliwa na vipawa. Yamkini. Lakini kipawa hakipaki miraba 1,024. Mkono ndio unaopaka. Na mwenye kipawa aliyekunja mikono hana tofauti, mbele ya macho yetu, na asiyekuwa nacho.

Kuna ushahidi mmoja zaidi, na huu unaihusu ile programu ya watoto ambayo mwanafunzi wangu aliidharau. Jina lake ni Paint. Imekuja pamoja na Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Mwezi wa Julai 2017 kampuni ya Microsoft iliitaja katika orodha ya vitu ambavyo haitaviendeleza tena, na watu wengi katika nchi nyingi walipaza sauti kuitetea, hata kampuni ikatangaza kuwa itabaki. Waliyoitetea walijua kuwa si programu bora kuliko zote. Waliikumbuka kwa kuwa ndiyo iliyowafundisha kushika kipanya na kupiga mstari wa kwanza. Mwaka 2023 kampuni iliianza kuitia uwezo wa kupanga picha kwa tabaka, tabaka moja juu ya jingine, jambo ambalo watumiaji walikuwa wakilikosa kwa miaka mingi. Kama wote wangaliiacha kwa dharau, isingalikuwapo wa kuitengeneza.

Kwa hiyo nakupa maswali matatu, uyatumie kila mtu anapokuletea maoni juu ya chombo chochote, kiwe kompyuta, kitabu, au mashine ya kushonea. Je, msemaji amekitumia? Je, aweza kukuonyesha kazi aliyoifanya kwacho, hata kama ni kazi iliyomshinda? Na je, maoni yake yanataka kazi iendelee au yanataka ikome? Asiyeweza kujibu swali la kwanza, mwamkie kwa adabu uende zako. Asiyeweza kujibu la pili, msikilize kidogo. Lakini yule ambaye maoni yake yanaiacha kazi ikiwa imekufa, mwogope, hata akiwa amejibu yote mawili.

Na maswali hayo anza kujiuliza wewe mwenyewe. Ni rahisi kuyaelekeza kwa wengine. Unaposema kuwa kitabu hiki ni kigumu, umekisoma mpaka ukurasa wa ngapi? Unaposema kuwa shule yetu haina vifaa, kile kimoja kilichopo umekifanyia nini? Ukiisha kujibu kwa ukweli, lalamika. Tena lalamika kwa sauti, ukitaja jambo kwa jina lake. Malalamiko ya mtu aliyefanya kazi ni ushahidi. Malalamiko ya mtu aliyekaa ni udhuru.

Yule mvulana sikumwadhibu. Nilimwambia achukue daftari lake la hesabu, ahesabu miraba 32 kwa 32, na kuupaka mti wetu kwa kalamu ya risasi. Siku ya pili aliuleta. Shina lilikuwa nene mno, lakini ulikuwa mti. Nikampeleka kwenye kompyuta auhamishe, nukta kwa nukta. Alikaa pale kipindi kizima, na kengele ilipolia hakuondoka. Baada ya majuma mawili alinijia mlangoni mwa chumba cha walimu, uso umekunjamana.

"Mwalimu," alisema, "programu ile ina kosa. Ukikosea, inakurudisha nyuma hatua tatu tu. Kosa la nne halifutiki. Tena nikimsogeza ndege, anaacha tundu jeupe katika majani. Ingefaa ndege awe peke yake na majani yawe peke yake."

Alikuwa ameuona upungufu wa programu yake kwa macho yake, na alikuwa amekwisha kuwaza dawa yake, bila ya kujua kuwa dawa hiyo ina jina na kwamba watu wengine waliiwaza kabla yake. Nilimwambia ayaandike maneno hayo, kwa kuwa sasa alikuwa na maoni. Kisha nilikwenda kwa mwalimu mkuu, karatasi ya mwanafunzi mkononi, kuomba kompyuta iliyo bora. Safari ile sikwenda na manung'uniko. Nilikwenda na ushahidi.